Wa Juu Ameshuka, Wa Chini Amepanda

Saa moja asubuhi, Wa Chini yuko juu.

Amesimama peku kwenye mgongo wa gogo lenye upana wa kitanda, vidole vya miguu vimeng'ang'ania kama vya kuku aliyelala mtini. Mikononi ameshika mpini wa msumeno ulio mrefu kuliko yeye. Chini yake kuna shimo, na ndani ya shimo kuna kofia pana iliyofifia rangi. Chini ya kofia hiyo yuko Wa Juu.

"Uko tayari, shemeji?" anauliza aliye juu.

"Nilikuwa tayari kabla hujazaliwa," inajibu kofia.

"Umenizidi miaka mitatu tu."

"Inatosha. Vuta."

Msumeno unapanda, unashuka, na unga wa mbao wa kwanza unamwagika juu ya kofia. Kazi imeanza.

Mgeni anayeingia katika yadi hii ya mbao huchanganyikiwa. Akimwita Wa Juu, sauti humjibu kutoka ardhini. Akimwita Wa Chini, inambidi ainue shingo. Wenyeji wameshazoea. Majina hayo wapasua mbao hawa wawili waliyapata zaidi ya miaka thelathini iliyopita, wakati kila mmoja alikuwa mahali pake, na hakuna aliyeona haja ya kuyabadilisha eti kwa sababu watu wamebadilishana nafasi.

Mbona wamebadilishana? Swali hilo ndilo lililomleta mwandishi wa gazeti hapa, na majibu yake ni mawili.

Ng'ambo ya barabara kuna mashine ya umeme inayopasua gogo la kawaida kabla chai haijapoa. Lakini mashine ina mdomo wa ukubwa wake. Gogo lisiloingia mdomoni huvingirishwa kwa mitaimbo kuvuka barabara, hulazwa juu ya shimo, na huachiwa wanaume hawa wawili na msumeno wao. Kwa njia hiyo mashine haikuwaua. Imewaachia wakubwa na wakaidi.

Mpasuaji wa juu husimama kwenye gogo, hufuata mstari uliopigwa kwa uzi wenye rangi, na huuinua msumeno. Mpasuaji wa chini husimama shimoni na kuuvuta, maana meno hukata yakiwa yanashuka. Wa juu ni macho, wa chini ni mikono. Katika yadi nyingi wa juu huitwa fundi na hupata fungu kubwa. Wa chini huitwa jina lolote linalokuja mdomoni.

Wawili hawa hugawana nusu kwa nusu, tangu Wa Chini alipomwoa dada wa mwenzake.

"Miezi mingapi nikimwangalia kofia yake tu," anasimulia Wa Juu. "Nilidhani anavuta msumeno. Kumbe alikuwa anamvuta dada yangu."

"Alikuwa anakuletea chakula wewe," anasema Wa Chini. "Mimi nilikuwa nakionja kama kimeiva."

Leo utani ni mwingi kuliko kawaida, na kila mtu yadini anajua kwa nini. Gogo lililo juu ya shimo ni la mti mgumu, la pekee, limeagizwa kwa ajili ya milango ya ukumbi wa mikutano. Hakuna jingine la ukubwa huo. Mama mwenye yadi, aliyeirithi kutoka kwa baba yake pamoja na wapasuaji hawa, aliwaambia jambo moja tu gogo liliposhushwa kutoka kwenye lori.

"Sitaki kujua ni nani kati yenu," alisema. "Mbao za gogo hili zikipinda, nitatafuta watu wengine. Nawapenda, lakini nitatafuta."

Alisema hivyo kwa sababu mbao zilikuwa zimeanza kupinda. Seremala anayetengeneza milango, mwanamke mwenye penseli sikioni siku zote, alirudisha mzigo mzima. Alizilaza mbao chini mbele yao, akaweka jicho kwenye ncha moja, akatikisa kichwa.

"Niliagiza mbao za milango," alisema. "Hizi zinafaa kutengenezea kiti cha bembea."

Wa Chini anajua mbao zilianza kupinda lini na kwa sababu gani. Anaieleza habari hiyo wakati wa mapumziko ya kwanza, akiwa amekaa kwenye kisiki, msumeno mapajani, tupa mkononi. Ananoa jino moja baada ya jingine na hapandishi sauti, kwa sababu shimo haliko mbali.

"Msumeno unasema," anasema. "Ukiwa umeshika mpini wa chini unajua kama mwenzako amelala vizuri au amegombana na mkewe. Sasa, kuna wakati nilianza kusikia anauliza."

Anauliza nini?

"Mstari uko wapi."

Macho ya Wa Juu yalikuwa yameingiwa na ukungu. Daktari wa macho baadaye aliuita mtoto wa jicho. Wakati huo hakuna aliyeuita jina lolote, kwa kuwa hakuna aliyeutaja. Wa Chini, aliyekuwa na kazi ya kuvuta tu, alianza kuuzungusha mpini kidogo kila msumeno ulipopotea, ili kuurudisha njiani kutoka chini. Kwa mti laini ilisaidia. Kwa mti mgumu, mbao zilitoka na mawimbi.

Alimpelekea mkewe tatizo hilo jikoni.

"Mwambie," mke alisema.

"Mwambie wewe. Ni kaka yako."

"Mimi ni dada tu. Wewe ndiye unayeshikana naye msumeno."

"Nikimwambia haoni, ataweka mpini chini aende nyumbani akalale. Nami namjua. Akilala mchana siku moja, hatainuka tena."

Mke alikoroga chungu, akafikiri. "Basi usimwambie haoni," alisema. "Mwambie wewe huwezi."

Kesho yake Wa Chini alifika kazini akichechemea. Alimweleza shemeji yake kwamba magoti yamekwisha, kwamba ngazi ya shimo inamuua, na kwamba kama kuna huruma iliyobaki duniani, angeomba apande juu yeye, na Wa Juu amsaidie kwa kushuka.

"Alikubali?"

"Papo hapo. Alisema, 'Shemeji, ungesema mapema.' Ana moyo mzuri sana yule." Wa Chini anapuliza vumbi la chuma kutoka kwenye jino. "Magoti yangu hayana kitu. Andika tu. Hasomi gazeti, na hata angetaka, haoni."

Siku za kwanza zilikuwa za balaa. Wa Chini, aliyedharau kimoyomoyo kazi ya juu kwa miaka yote hiyo, aligundua kwamba msumeno una uzito, na kwamba uzito huo huinuliwa na mtu. Chini unauvuta nao unakuja, kana kwamba unakutii. Juu unaupandisha kama ndoo ya maji kisimani, na kisima hakina mwisho. Usiku hakuweza kuinua mkono kuchana nywele.

Wa Juu naye aligundua unga wa mbao. Ulimwingia masikioni, shingoni, na mahali pengine ambapo gazeti halina sababu ya kupataja.

"Nilimmwagia uchafu huu miaka thelathini," anasema. "Kila nilipomwona anatoka shimoni mweupe kama mandazi yaliyopakwa unga, nilikuwa nacheka. Hakuniambia kwamba unawasha."

"Angekuambia, ungefanya nini?"

"Ningecheka kidogo."

Lakini shida kubwa haikuwa uzito wala unga. Msumeno ulikuwa unapinda katikati na kukwama, na kila mmoja alikuwa na hakika kwamba kosa ni la mwenzake. Anayekumbuka vizuri mazungumzo ya siku moja kati ya hizo ni seremala, aliyekuwa amekuja kuangalia kama kazi inaendelea.

"Unanisukuma," kofia ilisema kutoka shimoni.

"Nakusaidia."

"Nani amekuomba?"

"Mimi nimewahi kuwa huko chini. Najua ilivyo. Nakusukumia kidogo ili upumzike."

"Sasa sikiliza, shemeji. Ukisukuma, msumeno unapinda, maana ni bamba, si fimbo. Zamu yangu ikifika, niachie. Shika mpini usiudondoshe, basi. Zamu yako ikifika nami nitakuachia. Ukitaka kunisaidia, niachie."

Seremala anasema aliye juu alikaza miguu kwenye gogo, akalegeza mikono. Kisha msumeno ulipanda, ukashuka, bila kupinda.

Jambo lenyewe laweza kuonekana dogo, lakini lina uzito. Wengi hudhani kusaidiana ni kuongeza nguvu yako juu ya nguvu ya mwenzako wakati mmoja. Kwenye msumeno wa watu wawili hakuna wakati ambao wote wanavuta. Mmoja anavuta, mwingine analegeza, na yule anayelegeza anafanya kazi kamili. Ataitaka fadhila hiyo irudi mara tu mkono wake utakapogeuka.

Wakati wa chakula cha mchana suala hilo linapata mwalimu. Binti wa Wa Chini anafundisha hesabu shule ya msingi, na kwa kuwa shule zimefungwa, amekuja na mama yake kuleta chakula. Wanakula viazi na maharage kivulini mwa rundo la mbao, wote kwenye sinia moja.

"Mjomba," anasema binti, "mnajua nyinyi ni sehemu?"

"Sehemu ya nini?"

"Sehemu za hesabu. Mbili juu, tatu chini." Anachora kwenye unga wa mbao kwa kidole: mbili, mstari, tatu. "Sasa igeuze. Ya juu ishuke, ya chini ipande." Anaandika tatu juu ya mbili, pembeni mwa ile ya kwanza. "Zizidishe. Unapata ngapi?"

Wa Juu anainama karibu sana na unga. Dada yake anaangalia pembeni.

"Moja," anasema Wa Juu hatimaye.

"Moja. Sehemu yoyote, ukiizidisha kwa yenyewe iliyogeuzwa, unapata moja."

"Na yule wa juu akishakuwa chini, thamani yake haipungui?"

"Peke yake inabadilika, mjomba. Ndiyo maana hatuzipimi moja moja."

Wa Juu anachukua kiazi na kukitafakari. "Wewe ulisomeshwa na mbao," anasema. "Ndiyo maana una akili ya mstari ulionyooka. Ungesomeshwa na mbao za mwaka huu ungekuwa mshairi."

Binti anaendelea, kwani walimu hawajui kuacha katikati. Anasema watu wa redio nao wana kanuni ya namna hiyo. Antena inayotuma vizuri kuelekea upande fulani hupokea vizuri kutoka upande uleule. Njia ya kwenda na njia ya kurudi ni moja.

"Basi mama yako ameharibika," anasema Wa Juu. "Anatuma tu."

"Napokea," anasema dada yake. "Napokea upuuzi wako tangu utotoni. Kula."

Mifano haiishii hapo. Pistoni ya injini huenda na kurudi ndani ya silinda yake, na hakuna gari linalotembea kwa kwenda peke yake. Serikali mbili zikikubaliana, leseni ya dereva wa huku hutambuliwa kule, na ya kule hutambuliwa huku, na upande mmoja ukivunja, wa pili nao huvunja kabla jua halijatua. Majirani hurudishiana bakuli, na aliyelelewa vizuri harudishi bakuli tupu. Mtu aliyejifunza mambo haya kwa vitabu atayaona kuwa masomo matano tofauti. Katika yadi hii yanaonekana kwa macho kwenye kitu kimoja chenye mipini miwili.

Baada ya chakula Wa Juu anabaki ameketi ukingoni mwa shimo, miguu ikining'inia, wakati shemeji yake ameenda kunawa. Anaulizwa kuhusu magoti ya mwenzake, na kama yanaendelea vizuri.

Anacheka bila sauti, mabega yakitikisika.

"Siku ile alipokuja kuniomba," anasema, "asubuhi alikuwa anachechemea mguu wa kulia. Mchana alikuwa anachechemea wa kushoto. Nikasema moyoni, ugonjwa huu ni wa pekee. Macho yangu ni mabaya, lakini si mabaya kiasi hicho."

Kwa hiyo alijua.

"Mimi mwenyewe nilikuwa natafuta namna ya kushuka. Nilikuwa sioni mstari tangu msimu uliopita. Naona rangi inaelea tu, kama mafuta juu ya maji. Nitamwambiaje? Nimekuwa juu maisha yangu yote. Nimwambie, shemeji, nipe nafasi yako shimoni?" Anapapasa ukingo wa shimo hadi anapoipata kofia yake, anaivaa. "Akaja yeye, na magoti yake. Ningeyakataa, angebaki na aibu ya kudanganya. Nikayapokea. Mtu akikupa kitu kwa shida namna ile, unakipokea vizuri."

Je, liandikwe?

"Andika. Yeye hasomi gazeti. Hulifungia misumari."

Saa nane, msumeno unafika katikati ya gogo, na hapo kuna fundo. Kila mpasuaji analijua fundo kabla hajaliona, kwa sababu sauti inabadilika, unga unakuwa mweusi, na meno yanaanza kuteleza. Mama mwenye yadi ametoka ofisini na kusimama mlangoni. Seremala, aliyekuja kuungoja ubao wa kwanza, ameacha penseli yake ikaanguka, hakuiokota.

Wa Chini anaendelea kuvuta, jasho likimdondoka puani juu ya mstari anaoufuata. Msumeno unapanda, unashuka, unapanda.

"Simama," inasema kofia.

Msumeno unasimama.

"Msumeno wako unauliza, shemeji."

Juu ya gogo, Wa Chini anautazama mpini mikononi mwake kana kwamba umemwita kwa jina lake la utotoni.

"Umeegemea kulia," inaendelea sauti ya shimoni, taratibu. "Fundo limekuvuta. Usiurudishe kwa mkono. Rudisha jicho. Acha kuangalia meno, angalia mbele ya meno, pale unapotaka kwenda. Mkono utafuata."

Wa Chini anapangusa uso kwa kiwiko. Anainua macho kutoka kwenye meno, anayapeleka mbele kwenye mstari, umbali wa mkono mmoja.

"Nimepaona," anasema.

"Basi twende. Polepole. Nivute mimi kwanza."

Wanapita fundo kwa mivuto mifupi, ya kuombana radhi. Kisha mirefu. Sauti inarudi ile ya zamani, ya mti unaokubali. Ni hapo kofia inaposema tena, kwa sauti isiyo ya kazi, "Kumbe hapa chini mtu anajua kila kitu."

Msumeno unapanda. Msumeno unashuka. Mke wa Wa Chini, aliyekuwa anaosha sinia, amesimama na maji mikononi.

"Anajua," anasema mumewe.

"Miezi yote ile," inasema kofia.

"Unga ulikuwa mwingi, shemeji. Mengine sikuyaona."

"Haya," anasema Wa Juu. "Vuta."

Ubao wa kwanza unaachana na gogo jua likiwa bado kali. Wanaushusha kwa pamoja na kuulaza juu ya vigingi viwili. Ni mpana, mwekundu, na unanuka kama pilipili. Seremala anapiga goti, anaweka jicho kwenye ncha, anakaa hivyo muda mrefu kuliko inavyohitajika. Kisha anavuta uzi kutoka ncha hadi ncha na kuuacha ukae wenyewe. Uzi umelala juu ya ubao bila kuacha mwanya, ila mahali pa fundo, ambapo pameinuka unene wa ukucha.

"Randa itaondoa," anasema. Anaiokota penseli yake na kuandika namba kwenye ubao. Fundi huandika namba kwenye mbao anazozichukua tu.

Mama mwenye yadi anarudi ofisini. Mlangoni anageuka. "Mkimaliza hili," anasema, "kuna jingine linakuja. Msilale."

Mwezi ujao Wa Juu ataingia kliniki ya macho kuondolewa mtoto wa jicho, jicho moja kwanza. Jina lake limekwisha kuandikishwa na dada yake, ambaye katika jambo hili alituma bila kusubiri kupokea. Kwa wiki chache hataruhusiwa kuinama wala kunyanyua kitu, na Wa Chini ameshamwambia mama mwenye yadi kwamba hatapasua na mtu mwingine katika wiki hizo. Atanoa misumeno.

Na macho yakipona, nani atapanda juu?

"Yeye," anasema Wa Chini haraka. "Mabega yangu yamekwisha. Haya ni ya kweli."

"Hapana," anasema Wa Juu. "Kwa zamu. Gogo hili wewe, gogo lile mimi. Sitaki tena mtu wa kuwashwa peke yake." Anavua kofia, anaikung'uta gotini, na wingu la unga wa mbao linawafunika wote wawili. "Lakini kabla ya hapo nina shughuli yangu. Siku daktari atakaponifungua bandeji, kitu cha kwanza ninachotaka kukitazama vizuri, kwa utulivu, ni magoti ya shemeji yangu."

Wa Chini anauweka msumeno begani, anauaga ubao kwa kuupiga kofi dogo, na kuanza kuondoka kuelekea banda la vifaa.

Anachechemea. Leo ni mguu wa kushoto.